Tandem ya chuo hapa Leipzig: nyota nne, na bibi mmoja wa bustani

Nlikaa Leipzig miezi mitano bila ya rafiki hata mmoja Mjerumani, na si kwamba nlikuwa najifungia chumbani. Nlikuwa natoka, nasalimia, nacheka na watu darasani, kila mtu mzuri kila mtu ana adabu zake, halafu kipindi kikisha kila mtu anapanda baiskeli yake anapotea. Na Disemba huku jua linazama saa kumi jioni, yaani unatoka maktaba kiza, unapanda tramu kiza, unafika chumbani unampigia mama Unguja, yeye huko keshaswali isha, unamwambia niko salama. Mama anauliza, mwanangu una nani huko? Namwambia nna wenzangu. Wenzangu wenyewe ni Wakenya wawili na Mnigeria mmoja, watu wazuri sana na mpaka leo ni ndugu zangu, lakini umekuja nchi ya watu miaka miwili na hujaingia hata nyumba moja ya wenyewe, hujui wanakula nini usiku, hujui wanagombana kuhusu nini, mie hilo lilinikaa rohoni.

Naandika haya manake naona wengi mnaojiandaa kuja Ujerumani mnauliza ile akaunti ya zuio, zile yuro 11,904 za mwaka unazotakiwa uziweke benki ndo upate viza, mnauliza viza, koti, bei ya chumba, na ni maswali ya haki kabisa, lakini hili la nitakaa na nani haliulizwi mpaka mtu keshafika na keshaanza kulia usiku. Kwaiyo hii ni riviu ya huduma ya tandem, yaani kuunganishwa na mtu mkafundishana lugha, ya chuo nnachosoma masta. Jina la chuo sitaji, Leipzig vyuo viko zaidi ya kimoja, na vyuo vingi vya Ujerumani vina huduma ya namna hii hii kwaiyo itakufaa hata ukienda mji mwengine.

Kabla ya tandem nlijaribu mambo mawili. La kwanza apu ya kutafuta marafiki, ya kulipia, yuro tisa kwa mwezi, nkailipia miezi miwili. Nilopata ni meseji za mambo vipi zinazokufa siku ya pili, na wanaume ambao hawakuwa wakitafuta rafiki. Nlifuta. La pili ni ule mpango wa kupewa mwanafunzi mwenyeji wa kukupokea, huu ni mzuri kwa kazi yake, yule kaka alinipeleka ofisi ya wakaazi kujiandikisha (una wiki mbili tu tokea uhamie nyumba), akanipeleka benki, akanionesha kulipa kwenye kantini ya chuo, na wiki ya tatu kazi yake ikawa imekwisha na mie nkawa nimebaki na namba yake tu. Simlaumu hata kidogo. Nlikuwa na haja naye, yeye hakuwa na haja na mie, na hapo ndo mambo yote yalipo ukinisikiliza vizuri.

Tandem ni ile baiskeli ya watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma na wote wanakanyaga. Huduma yenyewe ni bure. Unajaza fomu kwenye mtandao wa chuo, lugha unayoweza kufundisha, lugha unayoitaka, kiwango chako kuanzia A1 mpaka C2, mambo unayoyapenda, siku ulizo huru. Ofisi inakutafutia mwenzio inawatumia nyote imeili, baada ya hapo ni nyie wenyewe. Mnakutana mara moja kwa wiki, nusu ya muda lugha yako nusu lugha yake. Hakuna mwalimu hakuna mtihani.

Sasa kasoro ya kwanza nianze nayo mapema. Kwenye orodha ya lugha Kiswahili hakimo. Kuna Kiingereza, Kifaransa, Kispanyola, Kiarabu, Kichina, mpaka Kikorea, halafu chini kabisa kuna neno Andere, yaani nyenginezo. Lugha inayosemwa na watu wote hawa wa Afrika Mashariki na Kongo iko ndani ya nyenginezo. Mie nkaona bas nkachagua Kiingereza, nkajisemea ntapata mtu haraka. Na kweli nlipata haraka, kaka mmoja anasoma mambo ya biashara, tukakutana mara mbili, mara zote mbili tukazungumza Kiingereza dakika themanini na Kijerumani dakika kumi kwa sababu alikuwa na usaili wa kazi karibu. Mara ya tatu hakuja wala hakuandika. Ofisi nayo haikuuliza kama tunaendelea au vipi, na hii ndo kasoro ya pili, wakishawaunganisha hakuna anayefuatilia, unaweza ukakaa nusu muhula unamngoja mtu ambaye keshakuacha.

Nkajaza upya. Safari hii nkaenda kule kwenye Andere nkaandika KISWAHILI kwa herufi kubwa, na kwenye maelezo nkaandika mie mzaliwa wa Zanzibar, Kiswahili ndo lugha ya mama yangu, na naomba mwenzangu awe mwanamke. Fomu haina pahala pa kuchagua hilo na ingekuwa nalo, lakini kwa haki yao walilizingatia. Nlingoja wiki tano. Watu wakanambia nani Mjerumani anataka Kiswahili, badilisha uweke Kiingereza utapata kesho. Msibadilishe. Nawaomba kabisa msibadilishe. Anayetaka Kiingereza ana watu elfu wa kumpa hicho Kiingereza na Mmarekani atakushinda, lakini anayetaka Kiswahili katika mji huu akikupata wewe hakuachi.

Imeili ikaja mwisho wa Februari. Dada mmoja, anasoma ualimu, alikaa Tanga mwaka mzima kwa ule mpango wa kujitolea wa serikali yao unaoitwa weltwärts, uliopo tokea 2008, karudi nyumbani akaona Kiswahili kinamtoka mdomoni kila siku kidogo kidogo na kinamuuma. Meseji yake ya mwanzo kaandika "Shikamoo dada, hujambo? Mimi niko free Jumanne." Nlisimama pale kituo cha tramu nkacheka peke yangu.

Tukakutana kantini, Jumanne saa kumi na moja kamili, na akisema kamili ni kamili, keshakaa na daftari lake na kalamu za rangi nne. Kila ngeli ina rangi yake. Dakika arubaini na tano Kijerumani, simu inalia, dakika arubaini na tano Kiswahili. Mie mwanzo niliona hii saa ya kengele kama ubaridi, nkajiambia rafiki gani wa kutegeshewa simu. Baada ya wiki tatu nkaona faida yake, ile simu inakulinda. Mwenye lugha dhaifu hapo si mimi peke yangu, nusu ya pili yeye ndo anayetafuta maneno na mie ndo mwenyewe, na mtu ukimuona anahangaika kwa lugha yako, kavurugika, kakosea, na haoni haya, na wewe haya zinakutoka.

Siku moja kaandika kwenye daftari "rafiki wangu". Nkamwambia hapana, rafiki yangu. Akaweka kalamu chini. Kwa nini? Mwalimu wangu, mtoto wangu, mgeni wangu, wote watu, wote wangu, rafiki kafanya nini? Wallahi nlikuwa sijawahi kujiuliza maisha yangu yote. Tukaanza kuorodhesha pamoja, baba yangu, mama yangu, ndugu yangu, shoga yangu, jirani yangu, na wakiwa wengi ni zangu, ndugu zangu, marafiki zangu. Akauliza na mume? Nkamwambia mume wangu. Akaangalia daftari muda mrefu akasema, kwaiyo kwenu rafiki yuko upande mmoja na baba na ndugu, na mume yuko na mgeni. Tulicheka mpaka meza ya pili wakageuka.

Halafu na yeye akanipa la kwao. Ukisema "mein Freund", mwanamke unamsema mwanamme, Mjerumani anaelewa huyo ni mpenzi wako. Rafiki tu unasema "ein Freund von mir", rafiki mmoja katika wangu. Miezi mitano yote nlikuwa namtambulisha yule Mkenya mwenzangu "mein Freund" huku na huku! Na akanieleza kuwa wao watu wengi tunaowaita marafiki wanawaita Bekannte, mtu unayemjua, unaweza ukasoma na mtu miaka mitatu akabaki Bekannter na si kwamba anakuchukia. Neno Freund wanalitoa kwa kuchelewa na wakilitoa wanalitoa kweli. Kama ningeambiwa haya Oktoba ningelala vizuri zaidi, manake mie kwetu mtu nikikaa naye kibarazani mara mbili keshakuwa rafiki, na hawa nlikuwa nawaona wananikataa kumbe hawajafika tu.

Ramadhani wiki ya mwisho nkamualika futari, jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu. Nlikwenda Eisenbahnstraße, mtaa ambao una maduka ya Waarabu na Waafrika na Waturuki, nkapata muhogo wa kugandisha, tui la kopo, tambi, tende. Akaja na keki ya mama yake, kaacha viatu mlangoni bila ya kuambiwa, akakaa chini kwenye busati akala muhogo wa nazi kwa mkono, Tanga walimfunza vizuri.

Wiki mbili baadae akanialika yeye, fleti anayokaa na wenzake watatu, saa moja usiku. Mie nlijizuia kula tokea mchana kwa heshima ya mwenyeji. Nimefika mezani kuna mkate, siagi, tango, nyanya, jibini aina tatu, haradali, na hakuna kilichopikwa. Sisi mgeni anapikiwa pilau, anayekuletea mkate mkavu usiku ni kama kakwambia hukutarajiwa, na roho ilinishuka kweli. Halafu nkaona katikati ya meza kuna paketi ya nyama ya bata mzinga, ya kukatwa kwa vipande vyembamba, na ile alama ya halali wameigeuza inanitazama mie. Alikuwa kaenda Eisenbahnstraße peke yake kwa baiskeli kuitafuta. Na wenzake wote wanakula mkate ule ule, kila siku ndo chakula chao cha usiku, wanakiita Abendbrot, mkate wa jioni. Kumbe sikuwekwa mbali, nliwekwa pale wanapokaa wenyewe. Nlikula mkate wangu nlishiba na nliondoka saa tano usiku.

Aprili akanambia twende bustani ya bibi yake. Hizi bustani kama hujazijua, Leipzig ndo kwao khasa, zinaitwa Schrebergarten kwa jina la daktari Schreber wa hapa hapa, alofariki 1861, na jumuiya ya mwanzo yenye jina lake ilianzishwa mji huu huu 1864. Watu wanaokaa fleti wanakodi kipande cha ardhi, kwa sheria kisizidi mita za mraba 400, na kibanda chake kisizidi mita za mraba 24, huruhusiwi kuhamia ukakaa. Na si ya maua peke yake, lazima sehemu yake, kwa kawaida thuluthi moja, ulime matunda na mboga. Mie nlikuwa nazipita kwenye treni nadhani ni vibanda vya masikini.

Nseme ukweli nlikuwa na khofu kwenda. Jimbo hili la Sachsen uchaguzi wa 2024 chama cha AfD, kile kinachopinga wahamiaji, kilipata asilimia 30.6 na nyumbani habari hizo zinafika, mama alinikataza kutembea usiku, na kwenye tramu nlishawahi kutazamwa kwa jicho ambalo halihitaji tafsiri. Bibi wa miaka themanini kasoro, anakaa mtaa wa Grünau, mie na hijabu yangu, nkasema hapa sijui.

Bibi alitoka nyuma ya kibanda na mikono ina udongo, akanipa kiwiko badala ya mkono. Mie nkamwita Frau na jina la ukoo kama inavotakiwa. Akaniuliza natoka wapi Afrika, nkasema Zanzibar, akaniuliza Zanzibar pahala gani, na swali hilo huku haliulizwi na mtu. Nkamwambia Kikwajuni. Kikwajuni kuna zile fleti zilizojengwa na Wajerumani Mashariki miaka ya 60 baada ya mapinduzi, sisi kwetu tulizoea kusema majumba ya Mjerumani, mie nimezaliwa humo humo ghorofa ya pili. Nkatoa simu nkamuonesha picha, mama yangu kakaa barazani kaanika nguo. Bibi akavua miwani, akaifuta, akavaa tena, akaipanua ile picha kwa vidole viwili na hakumtazama mama, alitazama ukuta, akafuata kwa ukucha wake wenye udongo ule mstari kipande kinapokutana na kipande. Akasema kwa sauti ndogo, lakini hii ni kama kwetu. Kwao Grünau ni mtaa mzima wa majumba ya namna hiyo, ulianza kujengwa 1976, Leipzig ilipokuwa bado Ujerumani Mashariki. Akasema yeye ujana wake kulikuwa na wanafunzi kutoka Afrika wakija Leipzig kusoma Kijerumani kwanza pale Herder-Institut kabla hawajapelekwa vyuo vyengine, alikuwa anawaona kwenye tramu na hakuwahi hata siku moja kuzungumza nao, na hajui kwa nini. Akanyamaza kidogo halafu akaniuliza kwetu tunalima nini.

Nkamwambia mchicha. Mwenzangu akatafsiri. Bibi akanikatia kitanda kidogo pembeni ya nyanya zake, kama hatua tatu kwa moja. Mbegu nlipewa na yule Mkenya, nkataka kupanda siku ile ile, bibi akakataa katakata, mpaka tarehe 15 Mei zipite zile siku za baridi ya mwisho wanazoziita watakatifu wa barafu, kabla ya hapo kila kitu cha joto kinakufa. Mie nkapanda kidogo kwa siri kwenye kopo dirishani nkakiweka nje usiku wa mwanzo wa Mei, asubuhi vimelala vyote vyeusi. Nlimwambia bibi ukweli, hakunisema, alicheka akanipiga begani, na hapo hapo akanambia niache Sie, ile wewe ya heshima, nimwite du, wewe ya watu wa karibu. Huku mkubwa ndo anayetoa ruhusa hiyo, mdogo huanzi. Nkamuomba badala ya jina lake nimwite Bibi, kwetu mtu mzima hatumwiti jina tupu. Sasa na mjukuu wake anamwita Bibi, na jirani wa bustani ya pili, mzee ambaye wiki za mwanzo hakuwa akiniitikia salamu, juzi kaniuliza kama Bibi yupo.

Agosti jumuiya yao ya bustani ilikuwa na sherehe yao ya kiangazi, meza ndefu, keki kila aina. Bia nyingi pia, na hili wengi mnauliza, hunywi unaagiza Apfelschorle, juisi ya tufaha na maji ya gesi, hakuna anayekulazimisha. Mie nlipeleka mchicha wa nazi. Mama mmoja akamuuliza mwenzangu mie ni nani, na miezi yote ile alikuwa anajibu "meine Tandempartnerin", nlishazoea. Siku ile akajibu na mdomo umejaa keki, "eine Freundin von mir", akaendelea kula. Mie ndo nlobaki na kijiko mkononi.

Kwaiyo nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya orodha isiyo na Kiswahili na kwa kutofuatilia watu wakishaunganishwa, mambo mawili ambayo ofisi inaweza kuyatengeneza kwa wiki moja na nimewaandikia. Mengine ya kujua kabla hujajaza: mkubaliane siku moja isiyobadilika, yetu bado ni Jumanne, manake hawa ukisema tutaonana basi hamtaonana, wana kalenda na usipokuwa ndani ya kalenda haupo. Ukichelewa dakika kumi andika. Wakisema hawana nafasi wiki hii hawana nafasi wiki hii, halina maana nyengine, uliza wiki ijayo. Mkienda mkahawani kwa kawaida kila mtu analipa chake hata kama yeye ndo kasema mwende, usijisikie vibaya. Na Kijerumani chako kiwe kibovu namna gani usikimbilie Kiingereza, dakika arubaini na tano zako ni zako.

Fomu inafunguliwa mwanzo wa muhula, Oktoba na Aprili, jaza wiki ya mwanzo kabisa. Mwezi huu kaja dada mmoja kutoka Pemba, kafika wiki mbili zilizopita, tulikaa naye maktaba jana tukajaza pamoja. Tulipofika kwenye lugha akaweka kidole kwenye Kiingereza. Nkamshushia mpaka chini kwenye Andere.